Karatasi kwenye bakuli: je, baraza la wananchi linaweza kuaminiwa na vyama vyote?

Mama yangu amecheza mchezo na wenzake kumi na mmoja kwa miaka mingi. Kila mzunguko unapoanza, wanakata karatasi kumi na mbili, wanaandika namba, wanazikunja na kuzitia kwenye bakuli la plastiki. Kisha anaitwa mtoto wa nyumba hiyo ambaye hajajua kusoma, anachota moja moja na kumkabidhi kila mama ya kwake. Mwenye namba moja anapokea fedha mwezi uleule. Wa kumi na mbili atangoja mwaka mzima. Nimewaona kina mama hao wakinuniana kwa mambo mengi, lakini sijamsikia hata mmoja akilalamikia mpangilio ule. Wenyewe wanaita kitendo hicho kupiga kura.

Kiswahili kina neno hilohilo kwa mambo mawili. Kuna kura ya sandukuni, ambayo mtu anaitia akijua anamtaka nani, na kuna kura ya bakuli, ambayo haijui mtu. Ya pili ni kongwe kuliko ya kwanza. Katika Matendo ya Mitume ndiyo iliyomwangukia Mathiya, akahesabiwa pamoja na mitume kumi na mmoja. Athens ya kale iligawa nyadhifa nyingi za umma kwa njia hiyo, na uchaguzi waliubakiza kwa kazi chache kama ujemadari.

Katika miongo miwili iliyopita, kura ya bakuli imerudi kwenye siasa za nchi kadhaa kwa jina la baraza la wananchi. Asifikirie mtu baraza la chifu au mkutano wa hadhara, ambako anayefika ni mwenye nafasi na anayesikika ni mwenye sauti. Hapa wananchi wanachaguliwa kwa bahati nasibu, mara nyingi kati ya 50 na 160, kwa namna ambayo kundi zima linafanana na nchi: wanawake kwa wanaume, vijana kwa wazee, wa mjini kwa wa shamba, wenye shahada na walioishia darasa la saba. Wanakutana wikendi kadhaa, wanawasikiliza wataalamu na watu walioguswa na jambo lenyewe, wanajadiliana katika meza ndogo, kisha wanapiga kura ile nyingine na kutoa mapendekezo. Hawatungi sheria. Wanashauri, na wenye madaraka ndio wanaoamua.

Swali ni kama chombo cha namna hii kinaweza kuaminiwa na vyama vinavyopingana. Vyama vina sababu za haki za kukitilia shaka. Mbunge amesimama juani, ameomba kura, na akivurunda ataondolewa. Mtu aliyechotwa bakulini amechaguliwa na nani? Akishauri vibaya, nani atamwajibisha? Upinzani una shaka yake ya ziada, kwamba serikali imeunda baraza ili kuweka kiporo jambo gumu, au kupata baraka za wananchi kwa uamuzi uliokwishafanywa chumbani. Shaka hizi si uchoyo wa madaraka peke yake, na mtetezi wa mabaraza anayezipuuza hajawahi kukaa upande wa waliozidiwa kura.

Naamini baraza linaweza kuaminiwa na vyama vyote. Ila sehemu kubwa ya imani hiyo hupatikana, au hupotea, kabla karatasi ya kwanza haijachotwa na baada ya wananchi kurudi makwao. Yanayotokea ukumbini yana uzito wake, na nitayaeleza, lakini imani ya chama haianguki wala haisimami kwa yanayotokea ukumbini. Nchi inayoonyesha hili vizuri kuliko zote ni Ayalandi.

Mwaka 2011 Ayalandi ilikuwa imetoka kwenye anguko la benki, na chama cha Fianna Fáil, kilichokuwa kimetawala kwa muda mrefu, kilikuwa kimefagiliwa katika uchaguzi. Fine Gael na Labour wakaunda serikali ya pamoja, huku wakiwa hawaelewani kuhusu ndoa za jinsia moja. Labour walizitaka, na Waziri Mkuu Enda Kenny wa Fine Gael alikuwa anasitasita. Suala hilo na mengine ya katiba wakayapeleka kwenye Mkutano wa Katiba ulioanza Desemba 2012. Ulikuwa na watu 100: mwenyekiti mmoja, wananchi 66 waliochaguliwa kwa bahati nasibu, na wanasiasa 33. Wanasiasa hao walitoka vyama vyote kwa kadiri ya viti vyao bungeni, pamoja na wachache kutoka Ayalandi Kaskazini, ambayo ni sehemu ya Uingereza.

Wengi waliona hao 33 ni kasoro. Mwanasiasa amezoea kusema, walihoji, na fundi seremala akikaa naye meza moja si atamezwa? Hofu hiyo ilikuwa na msingi, lakini kuwepo kwao kulileta kitu ambacho ripoti ingeshindwa kukileta. Waliporudi bungeni, kila chama kilikuwa na mtu wa kusema: nilikuwepo, niliona walivyojadiliana, hakuna aliyewapikia. Vyama vya Wayunioni vya kaskazini, DUP na UUP, vinavyotaka kaskazini ibaki Uingereza, vilikataa mwaliko tangu mwanzo. Hapo ndipo mipaka ya chombo hiki inapoonekana, kwa sababu chama kinachokataa hata kuwepo kwa meza hakiwezi kuvutwa na uzuri wa mazungumzo.

Aprili 2013, asilimia 79 ya wajumbe walipendekeza ndoa ifunguliwe kwa watu wa jinsia moja. Kura ya maoni ya Mei 2015 ikapitisha kwa asilimia 62. Siku hiyohiyo, pendekezo jingine la Mkutano uleule, la kupunguza umri wa kugombea urais kutoka miaka 35 hadi 21, wapigakura walilikataa kwa asilimia 73. Ninaona matokeo hayo mawili yasomwe pamoja, maana yanaonyesha kwamba wananchi hawakulichukua kila lililotoka ukumbini kama neno la mwisho.

Jaribio zito zaidi lilikuwa linakuja. Mwaka 1983 Ayalandi iliongeza kwenye katiba yake marekebisho ya nane, yaliyolinganisha haki ya kuishi ya mama na ya mtoto aliye tumboni, na hivyo kuzuia utoaji mimba karibu kabisa. Yalipita kwa asilimia 66.9. Kwa miaka zaidi ya 30 hakuna chama kikubwa kilichotaka kuyafuta marekebisho hayo, kwa sababu vyama vikubwa vyote viwili vilikuwa vimegawanyika ndani. Kifo cha Savita Halappanavar, aliyefariki katika hospitali ya Galway mwaka 2012 baada ya kunyimwa huduma ya kutoa mimba iliyokuwa inaharibika, kiliamsha nchi nzima. Kiongozi aliyesogea upande wowote bado aliona anapasua chama chake.

Uchaguzi wa 2016 ukaleta serikali ya wachache, Fine Gael ikitawala kwa hisani ya Fianna Fáil iliyokubali kutoiangusha. Julai mwaka huo mabunge yote mawili yalipitisha azimio la kuunda Baraza la Wananchi lenye wananchi 99, safari hii bila mwanasiasa hata mmoja, chini ya uenyekiti wa Jaji wa Mahakama ya Juu Mary Laffoy. Hadidu za rejea zilikuwa na mada tano, na ya kwanza ikawa marekebisho ya nane. Wanaharakati waliotaka kifungu kifutwe walisema hii ni danganya toto ya kuvuta muda. Waliotaka kibaki walisema baraza limepangwa lifike mahali fulani. Kwa hiyo lilianza likishukiwa kutoka pande zote mbili, na nadhani hilo lililisaidia. Baraza linaloanza likishangiliwa na upande mmoja limekwishaharibika.

Ukumbi wenyewe ulikuwa wa hoteli huko Malahide, kaskazini ya Dublin, penye upepo wa bahari. Wajumbe walikaa meza za duara, watu saba au wanane kila meza, pamoja na mwezeshaji aliyehakikisha kila mtu anapata zamu ya kusema na mwandishi wa kumbukumbu. Watu waliokuwa wanaharakati wa mada ile hawakuruhusiwa kuwa wajumbe. Nafasi yao ilikuwa kuja kutoa hoja mbele ya baraza. Madaktari walizungumza, wanasheria wakazungumza, wataalamu wa maadili wenye misimamo inayopingana wakazungumza. Wajumbe walisikilizishwa sauti zilizorekodiwa za wanawake sita wakisimulia yaliyowapata. Hotuba zote zilirushwa mubashara kwenye intaneti, lakini kamera zilizimwa wakati wa mazungumzo ya mezani. Utaratibu huo una busara kubwa. Mtu hubadili mawazo kwa unyonge, akijikwaa, akianza sentensi asiyoweza kuimaliza, na hawezi kufanya hivyo akijua binamu yake anamtazama kwenye simu. Zaidi ya maoni 12,000 yalitumwa kutoka kwa umma, nayo yakawekwa hadharani.

Aprili 2017, baada ya wikendi tano, asilimia 87 walisema kifungu kile kisibaki kilivyo, na asilimia 64 wakataka sheria iruhusu utoaji mimba bila kudai sababu, wengi wao wakiweka mipaka ya wiki za ujauzito. Wanasiasa walishtuka. Hata waliotaka mabadiliko hawakutegemea baraza liende mbali hivyo.

Kilichofuata ndicho ninachokiona moyo wa habari hii, ingawa ndicho kinachosimuliwa mara chache. Ripoti haikwenda mezani kwa waziri kupigwa vumbi, wala haikwenda moja kwa moja kwa wapigakura. Ilikwenda kwenye kamati maalumu ya wabunge na maseneta wa vyama vyote, iliyokaa kuanzia Septemba hadi Desemba 2017. Kamati hiyo iliwaita wataalamu upya na kurudia njia ileile ambayo wananchi walikuwa wameipita. Mle ndani baadhi ya wanasiasa wakasogea, mmoja mmoja, kwa sababu zao. Januari 2018 kiongozi wa Fianna Fáil, Micheál Martin, alisimama bungeni na kutangaza kwamba atapiga kura ya kufuta kifungu, kinyume na msimamo wake wa zamani. Wabunge na maseneta zaidi ya 30 wa chama chake walipiga picha ya pamoja wakiwa na bango la kusema hapana. Kila mmoja alikuwa ameruhusiwa kufuata dhamiri yake. Mei 25, 2018 kifungu kikafutwa kwa asilimia 66.4, karibu sawasawa na asilimia iliyokiingiza mwaka 1983.

Tazama alichopewa Martin na njia ile. Katika siasa za kawaida, kiongozi anayebadili msimamo anaambiwa amekula matapishi yake. Baraza na kamati vilimpa mahali pa kupita. Aliweza kusema kwamba wananchi wasio na chama wamesikiliza ushahidi na kufika hapa, wenzetu wameusikiliza tena na kufika karibu na hapo, nami nimesoma yote hayo. Wapinzani wake chamani nao hawakunyang'anywa chochote, kwa sababu uwanja wa kampeni ulikuwa mbele yao na kura ya kila raia ilikuwa bado haijapigwa. Kwa hiyo ninaposema vyama vyote viliamini, simaanishi vilikubaliana. Namaanisha kwamba walioshindwa hawakuweza kusema walichezewa rafu.

Na rafu ingeweza kuchezwa. Mapema mwaka 2018, kura ya utoaji mimba barazani ikiwa imekwishapita na wajumbe wakishughulikia mada nyingine, iligundulika kwamba wajumbe saba wapya hawakupatikana kwa utaratibu. Mtu aliyepewa kazi na kampuni ya utafiti ya kutafuta wajumbe nyumba kwa nyumba alikuwa ameokota majina kwa kupiga simu kwa watu anaofahamiana nao. Saba hao wakaondolewa na jambo likatangazwa hadharani. Mwamba ngoma huvutia kwake, na aliyeshika bakuli asipoangaliwa anaweza kuwa mwamba ngoma kuliko waziri. Kama ingegundulika kwamba saba hao walishiriki kura ya 2017, sijui kama matokeo yangesimama.

Bakuli lenyewe lina tatizo jingine, la kimyakimya. Ukituma barua za mwaliko kwa maelfu ya kaya, wanaoitikia ni wachache, na wachache hao hupenda siasa kuliko jirani zao. Ukisawazisha kwa umri, jinsia na elimu, bado unaweza kupata ukumbi wa watu wenye mawazo ya aina moja. Baraza la tabianchi la Uingereza la mwaka 2020 lililiona hilo mapema. Liliundwa kwa wito wa kamati sita za Bunge, ambazo zina wabunge wa vyama mbalimbali, na katika kuchagua wajumbe 108 waliangalia pia kila mmoja ana wasiwasi kiasi gani kuhusu tabianchi, ili wasiojali nao wawemo kwa kadiri ya wingi wao nchini. Kigezo hicho, kwa maoni yangu, ndicho ambacho chama cha upinzani kingepaswa kukidai kwanza kabla ya kujadili jambo lolote. Kiulize: wafuasi wangu wamo mle ndani, na ni wangapi?

Sasa tuvuke kwenda Ujerumani tuone ilivyo pale vyama visipoanza pamoja. Mei 2023 Bunge la nchi hiyo, Bundestag, liliamua kuunda baraza la wananchi kuhusu chakula. Vyama vitatu vya serikali ya wakati huo, SPD, Kijani na FDP, vikaunga mkono pamoja na chama cha Mrengo wa Kushoto. CDU/CSU, wahafidhina, na AfD, chama cha mrengo mkali wa kulia, wakapinga. Hoja ya CDU/CSU ilikuwa nyepesi kueleweka, kwamba baraza la wananchi tayari lipo, nalo ni Bunge. Kazi yenyewe ilifanyika kwa uangalifu mkubwa. Spika Bärbel Bas ndiye aliyechota matokeo ya bahati nasibu, wananchi 160 wakakaa kwa miezi, na mapema mwaka 2024 wakaleta mapendekezo tisa, la kwanza likiwa chakula cha mchana cha bure kwa kila mtoto shuleni na chekechea. Sijaona kasoro kubwa ukumbini mle. Lakini Novemba 2024 serikali ilivunjika, Februari 2025 ukafanyika uchaguzi, na CDU/CSU ikarudi kuongoza. Mapendekezo ya wananchi 160 yakajikuta mikononi mwa chama ambacho tangu siku ya kwanza kilisema hakikuyaomba. Hakuna ubora wa mjadala unaoweza kuponya hilo.

Ufaransa kosa lilikuwa jingine. Baada ya maandamano ya vizibao vya njano yaliyoanza mwishoni mwa 2018 kwa sababu ya kodi ya mafuta, Rais Emmanuel Macron aliitisha mkutano wa wananchi 150 kuhusu tabianchi. Walikaa kuanzia Oktoba 2019 hadi Juni 2020 na kutoa mapendekezo 149. Rais alikuwa ameahidi kuyapeleka mbele bila kuyachuja. Matatu akayakataa palepale, mengine yakapunguzwa makali yalipopita wizarani na bungeni. Februari 2021 wajumbe walikutana tena wakaipa serikali alama kwa namna ilivyoyachukua mapendekezo yao. Wastani ulikuwa 3.3 kati ya 10.

Pendekezo lao moja lilihitaji kubadili kifungu cha kwanza cha katiba, ili jamhuri ihakikishe utunzaji wa mazingira. Jambo zima likakwama kwenye kitenzi. Seneti, ambako mrengo wa kulia ulikuwa na wingi, haikukitaka kitenzi cha kuhakikisha, kwa hofu ya mzigo wa kisheria unaokuja nacho. Pande mbili zikashindwa kupatana, na Julai 2021 mpango ukaachwa. Unaweza kuwalaumu maseneta kwa ukaidi. Lakini nani aliwahi kuwauliza, mwaka 2019, kama mkutano ule ni wao pia? Ulikuwa mtoto wa Rais. Waliompinga Rais waliurithi kama vile mtu anavyorithi deni la jirani.

Nikifika hapa siwezi kuacha kukumbuka Dodoma ya mwaka 2014. Bunge Maalum la Katiba halikuwa baraza la wananchi kwa maana ninayoieleza. Lilikuwa na wabunge wa Muungano, wajumbe wa Baraza la Wawakilishi la Zanzibar, na wajumbe 201 walioteuliwa na Rais kutoka makundi kama dini, wakulima, wafugaji na vyama vya wafanyakazi. Hao 201 ndio waliopaswa kuwa sauti ya mwananchi wa kawaida, na hao ndio waliozua manung'uniko makubwa, upinzani ukisema wengi wao ni wa chama tawala waliovaa kofia nyingine. Aprili mwaka huo kundi la Ukawa, umoja wa vyama vya upinzani, likatoka nje na halikurudi. Katiba Inayopendekezwa ikapitishwa Oktoba bila wao, na kura ya maoni iliyopangwa Aprili 30, 2015 ikaahirishwa. Hadi leo haijafanyika. Sisemi kwamba wajumbe 201 wa bahati nasibu wangemaliza ugomvi wa kama Muungano uwe na serikali mbili au tatu. Ugomvi ule ulikuwa wa vyama na wa pande mbili za Muungano, na ulikuwa na mizizi kuliko orodha ya majina. Ila kila ninapowafikiria wale kina mama na bakuli lao, naona tulipoteza kitu kidogo chenye thamani: orodha ambayo hakuna upande ungeweza kusema imeandikwa na mwenzake.

Wala isidhaniwe kwamba kukaa hivyo ni jambo la Wazungu. Mwaka 2014, katika wilaya za Bududa na Butaleja mashariki ya Uganda, wananchi waliochaguliwa kwa bahati nasibu walikaa kujadili maporomoko ya ardhi, mafuriko na kuhamishwa kwa watu, wengi wao wakiwa hawajui kusoma, na maelezo waliyapata kwa njia ya video. Mwaka uliofuata, Dar es Salaam, wananchi wapatao 400 kutoka sehemu mbalimbali za nchi walikaa siku mbili wakijadili fedha za gesi asilia. Uwezo wa kujadiliana haukuwahi kuwa tatizo. Kilichokosekana ni kamba inayoufunga mjadala wao na wale wenye kuamua.

Ayalandi yenyewe ilikuja kuikata kamba hiyo. Baraza jingine la wananchi, chini ya Catherine Day, lilishughulikia usawa wa kijinsia na kumaliza kazi mwaka 2021. Katiba ya 1937 ina kifungu kinachozungumzia maisha ya mwanamke nyumbani, na wajumbe walitaka kibadilishwe ili serikali iwajibike kuchukua hatua za kuridhisha kusaidia kazi ya kuwatunza wazee, wagonjwa na watoto, nyumbani na katika jamii pana. Kamati ya bunge ya vyama vyote ikapendekeza maneno yake mwaka 2022. Serikali ikaandika mengine. Katika maneno ya serikali, dola itajitahidi kusaidia, na msaada wenyewe uliwahusu wanafamilia wanaotunzana, basi.

Vyama vikubwa karibu vyote, vya serikali na vya upinzani, vikasema ndiyo. Kama imani ya vyama vyote ingekuwa inapimwa kwa picha ya viongozi waliosimama pamoja, hapa ilikuwa imejaa pomoni. Machi 8, 2024, asilimia 73.9 ya wapigakura wakasema hapana, kiwango cha hapana kikubwa kuliko chochote katika historia ya kura za maoni nchini humo. Swali la pili la siku hiyo, kuhusu maana ya familia, nalo likaanguka kwa asilimia 67.7. Sababu zilikuwa nyingi, na kampeni ya serikali ilikuwa dhaifu. Lakini kulikuwa na walezi wa watu wenye ulemavu waliosoma kile kitenzi, kujitahidi, na kuelewa mara moja kinawaahidi nini. Mtu anayemgeuza mwanawe kitandani kila baada ya saa mbili usiku hahitaji mwanasheria kumweleza tofauti ya kujitahidi na kuwajibika.

Tofauti na 2018, safari hii hakuna aliyeweza kusimama na kusema haya ndiyo maneno ya wananchi waliokaa na kujadili. Uzi ulikuwa umekatika kati ya ukumbi na karatasi ya kura, na aliyeukata ni serikali, kwa kalamu, bila kurudi kwao kueleza kwa nini. Ndiyo maana siridhiki na wanaosema kwamba mabaraza ya Ayalandi yalifaulu kisha yakachoka. Mwaka 2024 lililokataliwa ni andiko la mawaziri lililobeba jina la wananchi.

Huko mashariki ya Ubelgiji, penye jimbo dogo la wazungumzaji wa Kijerumani lenye watu wasiofika 85,000, wamejaribu kuufunga uzi huo kwa sheria. Februari 2019 bunge lao la viti 25 lilipitisha kwa kauli moja, vyama vyote, utaratibu wa kudumu. Kuna baraza la watu 24 waliowahi kuchaguliwa kwa bahati nasibu, na kazi yao ni kuchagua mada, kwa hiyo serikali haina tena haki ya peke yake ya kuamua wananchi waulizwe nini. Mada ikipatikana, bakuli linatikiswa upya na kundi jingine linakaa kuijadili.

Mapendekezo yakitoka, wananchi hao wanakaa na wabunge wa kamati husika pamoja na waziri kuyajadili hadharani. Kisha kamati na waziri wanatoa majibu, na pendekezo likikataliwa lazima sababu itolewe. Baadaye, si zaidi ya mwaka mmoja, wanaitana tena chumba kimoja, wale waliopendekeza na wale waliojibu, wanapitia karatasi mstari kwa mstari: hili mlisema mtalifanya, limefika wapi?